Foto juu ya kiti

Msimu uliopita nilimsindikiza kwa daktari jirani yangu, mama anayelima mpunga Bugarama. Mgongo ulikuwa umemtesa kwa wiki kadhaa, naye alitaka kitu kimoja tu, picha ya ndani ya mgongo.

"Dokta, munipige foto."

Daktari, binti wa sauti ya taratibu, alimgonga magoti, akamuuliza kama alianguka, kama ana homa, kama mkojo unamsumbua. Mama alijibu hapana kwa kila swali.

"Basi foto haitakusaidia, Maman. Mugongo kama huu inapona kwa kutembea-tembea."

Jirani yangu akanuna. Alipoinuka, aligeuka akakipapasa kiti kwa kiganja.

"Unatafuta nini, Maman?"

"Kiti. Tangu jana nikiikala, siisikie chini yangu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Na mukojo?"

Mama alinitazama, kisha akatazama sakafu. "Inatoka bila kupiga hodi."

Sijawahi kuona mtu mpole kama daktari yule akikimbia vile. Ambulansi iliitwa impeleke kwenye mashine ya picha siku ileile, kabla mishipa ya fahamu iliyobanwa mgongoni haijafa.

"Munanipiga foto juu ya kiti?" aliuliza akiwa kwenye machela.

"Ndiyo, Maman. Juu ya kiti, kwa sababu hauisikie."

Mpaka leo nastaajabu. Maumivu yalipiga kelele kuomba picha, yakanyimwa. Ganzi haikuomba chochote, ikapewa, na baada ya picha mama akapasuliwa mgongo.

Jumapili iliyopita aliketi kando yangu kanisani. Katikati ya sala akaninong'oneza:

"Benchi iko baridi."