Friji ya Fundi Bomba

Maziwa na nyama za jirani yangu fundi bomba siku hizi vinakaa kwenye friji yangu, kwa sababu ndani ya friji yake imelala ndoo ya bia anayoitengeneza mwenyewe. Anasema bia hiyo nyepesi, ya rangi ya dhahabu, haitaki joto wala haraka. Kwenye mabomba ya watu pia haraka hana. Kila asubuhi nikiwapelekea maziwa ya chai humkuta amepiga magoti, sikio kwenye ndoo kama mkunga, akisikiliza mapovu. Hufunga mlango taratibu na kunong'ona, "Lala, kipenzi." Mkewe anasema yeye hajawahi kuambiwa hivyo. Ndoo mbili za kwanza ziligeuka siki, na mama huyo akaapa kwamba ya tatu ikigeuka, friji inarudi kwa maziwa na bwana anaifuata ndoo nje. Jumapili, wiki ya sita ya ndoo hiyo ya tatu, fundi alitumiminia. Mikono ile inayokaza mabomba ya inchi nne ilimwaga povu mezani. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mkewe akaonja, akanywa mpaka chini.

"Baba Ndoo," akasema, akisogeza glasi, "hebu ongeza. Bado sijajua kama ni siki."