Mechi Iliyoamuliwa kwa Kula

Jumatatu asubuhi, tukiwa mstarini, mwalimu wa zamu alitutangazia kwamba Ijumaa tutapiga kula ya kumchagua kaka mkuu. Kidato cha nne kizima kikacheka, na nyuma yangu mtu akauliza kwa sauti ya chini kama tuje na vijiko. Mimi sikucheka. Nilitazama viatu vyangu kama kawaida yangu, na hapo hapo nikasikia harufu ya ndizi zilizopondwa na maharage. Nikawa niko kijijini Mugoma tena, nina miaka kumi na moja, nimeshika mwiko wa bibi.

Darasani sitaisimulia habari hii, unanijua. Ngoja nikwambie wewe.

Bibi alikuwa na kibanda cha chakula mbele ya geti la chuo cha ualimu. Mafiga matatu, mabenchi mawili, na paa la bati lililokuwa likipiga kelele jua likipanda. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuchambua maharage kwenye ungo, kuosha sahani na kuchota maji. Niliipenda kazi ile kwa sababu haikunidai maneno. Shuleni walikuwa wananicheka. Nikisoma kwa sauti, "kalamu" inatoka "karamu", "rangi" inatoka "langi", nami nikawa nimejifunza kunyamaza. Kwa bibi hakuna aliyejali. Pale kila mtu alizungumza Kihangaza, na Kiswahili chao kilikuwa kama changu, l na r zinakaa nyumba moja.

Jioni kibandani palikuwa na baraza la watu watatu: bibi, fundi cherehani wa jirani aliyeshona jezi za chuo, na mama jirani aliyekuwa akichukua vitenge Kabanga, mpakani, na kurudi na habari za mpaka mzima. Habari yao kubwa ilikuwa timu ya mpira ya chuo. Bibi hakujua kusoma, na dakika tisini za mechi hakuwahi kuzimaliza kwa sababu ya vyungu. Lakini timu ile aliijua kuliko kocha. Aliijua kwa sahani.

Nakumbuka hasa wiki ile ya katikati ya msimu, ligi ya vyuo iliposimama kupisha mitihani. Tulikuwa wa tatu. Timu mbili za juu ndizo zingeingia hatua ya mtoano, na mtoano mwaka ule ulikuwa umepangwa kuchezwa Biharamulo. Wakakaa kuipima timu, nami nikachambua maharage taratibu ili nisikie.

"Ngome ipo," bibi alisema. "Namba nne ni mtoto wa Mabawe, amekua na jembe. Anamaliza sahani mbili, halafu ananiuliza ukoko. Huyo hapitwi."

Golikipa naye alimsifu, kwamba anapokea sahani ya moto kwa mkono mmoja huku akizungumza na mtu mwingine, na haijawahi kumwagika. Fundi akasema hayo yote sawa, tatizo letu ni mbele. Namba tisa, mfungaji wetu, yeye fundi alikuwa amempunguzia bukta kiunoni mara mbili tangu ligi ianze.

"Mtu anayekonda namna ile ana barua ya kuachwa mfukoni," fundi akasema, akikata uzi kwa meno.

Bibi akakubali kwa kichwa. Wiki nzima namba tisa alikuwa akinywa mchuzi na kuacha maharage. Mama jirani akacheka. Alisema huko Kabanga wanaosafiri wanawasifu vijana wa Biharamulo, wana golikipa mrefu anayedaka mpira kama anachuma parachichi. "Nyinyi endeleeni kuhesabu sahani," akatuambia. "Hatufiki popote."

Fundi akamtania kwamba anawapenda Biharamulo kwa sababu hawajawahi kukopa kitenge chake. Bibi hakucheka. Alikuwa ameacha kukoroga.

Mama jirani alijua kwa nini, na ndiyo maana akaacha utani na kuanza kunisaidia maharage. Dada yake bibi aliolewa upande wa Biharamulo, kabla ya kufika Nyakahura. Walikuwa hawajaonana tangu mimi sijazaliwa, na salamu za mwisho zilisema dada haamki tena kitandani bila kushikwa mkono. Goti la bibi lilikuwa bovu, lisingeweza kupanda na kushuka magari matatu njiani. Baba kila mwaka alisema tutampeleka baada ya mavuno. Lakini timu ikiingia mtoano, lori la chuo lingewabeba mashabiki moja kwa moja, na mkuu wa chuo alikuwa ameshamwahidi bibi kiti cha mbele. Kwa hiyo wengine walipozungumza habari ya pointi, bibi alikuwa anazungumza habari ya dada yake.

Kuanzia siku ile alimshughulikia namba tisa yeye mwenyewe. Alimpakulia kwanza, akaketi mbele yake hadi amalize. Sijui alimwambia nini kuhusu hiyo barua, lakini ligi iliporudi kijana alianza kula, na alipoanza kula akaanza kufunga. Tukapanda. Ilipobaki mechi ya mwisho, nyumbani kwetu dhidi ya hao hao Biharamulo, sisi na wao tulikuwa tumelingana pointi, mabao, kila kitu, na nafasi ilibaki moja.

Alhamisi mama jirani akaja mbio kutoka getini. Amemsikia mwalimu wa michezo. "Wakitoka sare," akasema, "itaamuliwa kwa kula. Pale pale uwanjani, mbele ya kamati."

Fundi akauliza, kwa kula vipi. Mama jirani akasema yeye si kamati, ameambiwa hivyo. Wakafikiri. Fundi akaona inawezekana, mpira wa siku hizi unatazama pia timu inavyopokea wageni. Bibi alisimama polepole, akajifuta mikono kwenye kitenge. Sijawahi kuuona uso wake vile tena.

"Basi hiyo mechi ni yangu," akasema.

Sasa nisikufiche. Mimi nilikuwa nimelisoma tangazo lenyewe la kamati. Lilibandikwa getini, nami nilipita pale na ndoo. Liliandikwa *kura*. Nilijua maana yake, karatasi mbili kwenye kofia, basi. Nikakaa nalo usiku kucha. Asubuhi ya Ijumaa, bibi akiwa tayari amemkamata jogoo wetu, nikajikaza.

"Bibi," nikasema, "si kula. Ni kura."

Akanitazama, jogoo kwapani. "Si ndivyo nilivyosema?"

Nikarudia. Masikioni mwangu yalikuwa maneno mawili, lakini mdomoni yalitoka neno moja, lile lile. Nikachukua kijiti nikaandika herufi chini, nikakumbuka hajui kusoma. Bibi akaniambia niache kuchora, nikamenye ndizi. Nami nikaenda nikamenya. Ningeweza kumwita fundi. Ningeweza kusema "karatasi". Sikusema, kwa sababu alikuwa anaimba.

Alipika siku mbili. Ndizi na maharage, jogoo wa mchuzi, mboga za majani kwa karanga, na dumu la juisi ya ndizi mbivu, umutobe wetu, iliyokamuliwa kwa nyasi. Jumamosi tulivibeba vyungu hadi ukingo wa uwanja, tukavifunika kwa majani ya mgomba. Mechi ikaisha bila bao. Namba nne hakupitwa, na golikipa mrefu alichuma parachichi zake zote. Bibi ndiye shabiki pekee aliyefurahia sare ile. Alifunua majani, akapanga sahani, akasimama wima akiwasubiri waamuzi.

Mwamuzi akavua kofia. Karatasi mbili zikatumbukizwa, kapteni wetu akachagua, akaifungua. Ilikuwa tupu. Wageni wakarukaruka, wetu wakaketi chini. Yote hayo hayakufika hata dakika mbili.

Bibi akageuka kwa fundi. "Na chakula je? Mbona hawajaonja?"

Fundi ndiye aliyemweleza, taratibu, akitumia neno karatasi. Mimi nilikuwa nyuma ya dumu. Nilimwona bibi akitazama vyungu, kisha barabara ya Biharamulo, kisha vyungu tena. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka hadi anashika goti, na machozi nayo yalikuwepo, siwezi kukwambia yalikuwa ya upande gani.

"Haya, kaleni," akawaita wote, wageni na wenyeji. "Kilichopikwa hakirudi jikoni."

Wageni walikuwa njiani tangu alfajiri. Walikula kama watu waliotumwa. Yule golikipa mrefu alirudi mara ya tatu, na bibi, akimwongezea mchuzi, akamuuliza kama lori lao hupita karibu na Nyakahura. Akasema linapita hapo hapo. Kijana akamuuliza kwa nini. Bibi akamwambia, kwa maneno machache, habari za dada.

Golikipa akaweka sahani chini. "Shikamoo bibi," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Utakaa mbele na dereva. Sisi tutakushusha mlangoni."

Jua lilikuwa bado juu walipoondoka. Bibi alibeba kifurushi cha nguo, kikapu cha maharage na paja la jogoo alilomfichia dada yake tangu asubuhi. Namba nne na yule golikipa walimpandisha kwa kumshika huku na huku. Akaniita dirishani, akaniinamia sikioni.

"Umeona?" akasema. "Imeamuliwa kwa kula."

Alisema atakaa wiki mbili. Dada yake alihitaji mkono wa kumwinua asubuhi, na wiki mbili zikawa msimu, msimu ukawa miaka. Mugoma hakurudi. Wamelala pamoja huko, yeye na dada yake, tulimzika mwaka nilioingia sekondari. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama ningesema karatasi siku ile ya jogoo. Angebaki nami, na dada yake angekufa anamsubiri.

Likizo iliyopita nilipita pale getini. Mafiga yameondolewa, wanachuo wanakula chipsi kwenye mifuko ya karatasi, hata hawaketi. Fundi amehamia Kabanga. Mama jirani bado yupo, lakini habari za timu hazungumzi tena, aliniuliza atazizungumza na nani.

Siku hizi nazitenganisha l na r vizuri, walimu wananipa kusoma taarifa ya habari mstarini. Ila Jumatatu ile, wenzangu walipomaliza kucheka, nilisema kura, kisha nikasema kula, polepole, midomo imefungwa nusu, kwa ulimi wa bibi. Yakatoka neno moja.