Sauti Ndogo ya Mama Mishale

Saa nne asubuhi, binti wa mwaka wa kwanza anaingia akiwa ameshika karatasi kwa ncha za vidole, kama vile inamuunguza.

"Mwalimu, nimekwama. Hapa hapa, tangu jana."

Mwanamke aliyeketi karibu na dirisha, miwani ikining'inia kifuani, anaipokea karatasi. Sanduku limechorwa juu ya ubao ulioinama. Mshale wa kuonyesha jinsi ubao unavyolibeba sanduku umeelekezwa juu, moja kwa moja darini.

Anachukua kitabu kinene, anakiinamisha, anaweka kifutio juu yake, kisha anakipeleka kiganja cha binti chini ya jalada.

"Sukuma," anasema kwa sauti ya kukwaruza isiyofika hata meza ya pili.

Binti anasukuma. Anakitazama kiganja chake kilivyolala kufuata mteremko.

"Haa! Kumbe kinasukuma kwenda huku!" Anafuta mshale, anachora mwingine uliokaa pembe mraba na ubao, na tayari ameshasahau kuaga.

Hiki ndicho chumba cha msaada wa fizikia, kilichokuwa stoo ya vifaa vya maabara hadi miaka michache iliyopita. Meza zake hazilingani kimo, na moja imeegemezwa kwa tofali. Mwanafunzi yeyote wa chuo anaingia bila miadi, awe na swali au anatafuta tu mahali pa kusomea. Anayekipokea ni mkufunzi huyu, mama wa watoto wawili, ambaye chuo kizima kinamwita Mama Mishale kwa sababu hakubali kusikiliza swali lolote la kani, yaani nguvu zinazosukuma na kuvuta vitu, kabla mishale haijachorwa.

Zamani hakuwa mtu wa kunong'ona. Wanafunzi wa zamani wanasema sauti yake ilisikika hadi maegesho ya magari.

"Nilikuwa naeleza kuanzia asubuhi mpaka jioni," anasema. "Mtu akiuliza swali dogo, mimi nampa mhadhara. Nilikuwa naona raha, jamani. Nafikiri nilikuwa naona raha kuliko wao."

Mwaka juzi koo lilianza kumsumbua. Alidhani ni vumbi la chaki, akanywa maji ya moto na kuendelea. Asubuhi moja alifungua kinywa kumwamsha mwanawe, na hakikutoka kitu. Daktari alimkuta na vinundu kwenye nyuzi za sauti. Alifanyiwa upasuaji, akaamriwa kunyamaza kabisa kwa wiki kadhaa, hata kunong'ona asithubutu.

Mumewe, fundi cherehani, anacheka akikumbuka.

"Siku ya kwanza nilisema, afadhali, nyumba imetulia. Siku ya pili nikaanza kuuchukia huo utulivu. Mama watoto akiwa kimya, hata cherehani inapiga kelele za upweke." Kisha anaacha kucheka. "Usiku alikuwa analia. Analia bila sauti. Hicho sikukizoea."

Alikuwa na la kulilia. Analipwa kwa saa anazofundisha, na idarani minong'ono ilikuwa imeanza: chumba kifungwe, wanafunzi waelekezwe kwenye video. Mkuu wa idara hakatai. "Nilijiuliza, mkufunzi asiyeongea atafundishaje? Nilidhani nauliza swali la maana," anasema.

Mama Mishale alirudi kabla ya kuruhusiwa kusema. Alikaa kwenye kiti chake na kipande cha chaki, akichora, akionyesha kwa mikono, akitikisa kichwa. Siku za mwanzo zilikuwa balaa. Wanafunzi walimtazama, wakatazamana, wengine wakaondoka kimya kimya.

Aliyemwokoa ni kijana ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kuuliza swali. Wenzake wanamwita Baiskeli, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akija kwa usafiri mwingine. Alikuwa anarudia somo, na alikuwa akija kila siku, anakaa kona, anafungua kitabu, anaondoka.

"Nilikuwa naona aibu," anasema Baiskeli. "Nikiuliza, watajua sijui. Sasa siku ile Mama anachora, watu hawamwelewi, anafuta, anachora tena, jasho linamtoka. Nikasema, kumbe na yeye anahangaika kueleweka kama mimi. Nikajikuta nimesimama. Nikawaambia, jamani, anamaanisha hivi."

Alikosea. Mama Mishale akatikisa kichwa. Msichana mmoja akamsahihisha, mwingine akabisha, na kabla ya saa sita watu watano walikuwa wanagombea ubao. Mama Mishale aliketi akiwatazama, mkono umefunika mdomo.

Kelele hizo ndizo alizozikuta mkuu wa idara alipokuja, akiwa ameshaamua kukifunga chumba. Alisimama mlangoni. Mwanafunzi mgeni asiyemjua akamwona anashangaa.

"Mzee, kama umekwama kaa pale," akamwambia. "Tutakuja kukusaidia."

Mkuu akakaa. Anakiri kwamba aliondoka jioni, na kwamba kuna swali la mwingiliano wa mawimbi lililomshinda mbele za watu. Wiki iliyofuata chumba kilibakishwa, na Baiskeli, aliyefaulu somo lake mwishoni mwa muhula, sasa ni mmoja wa wanafunzi wanaolipwa kuwasaidia wenzao.

Sauti ya Mama Mishale haitarudi ilivyokuwa. Daktari amemwambia wazi. Mwenyewe haitafuti tena. "Inanitosha. Nikisema kidogo wanainama kunisikiliza, wakiinama wanafikiri."

Anachokitaka ni kingine. Alipojifungua mtoto wa kwanza aliacha shahada ya uzamili katikati. Mwakani anarudi darasani. Maombi yamekubaliwa, na mumewe ameshamshonea koti jipya la maabara, refu kidogo kuliko alivyotaka.

"Hesabu zake ni ngumu, na umri umesogea," anasema, akitazama vijana wanaobishana ubaoni. "Lakini siogopi. Nikishindwa, nina watu wa kuwauliza."