Isikilize Kwanza Kabla ya Kuifuta

Ipo Ijumaa moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na leo ulipoiweka kompyuta yangu kongwe mezani ukasema utaifuta uitie mfumo mpya, imenirudia yote. Toa mkono kwanza, unisikilize. Sitokuweka sana.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nikikaa na mama yangu kwenye fleti moja mtaa wa Ruwi, huku ng'ambo. Ndiyo kwanza nimeajiriwa, nikajiona mimi ndiye fundi wa kompyuta wa ukoo mzima. Jirani akiniita nimtazamie yake, nakwenda kichwa juu.

Bibi yangu, mama yake mama, alibaki Unguja, na barua zetu zilikuwa kanda. Anazungumza kwenye kanda, anampa msafiri, sisi tunasikiliza, halafu tunarekodi jawabu juu ya kanda ile ile na kuirudisha. Ndivyo walivyofanya watu wote tuliowajua. Kwa hivyo katika miaka yote ile ya kuzungumza ilibaki kanda moja tu, ile ambayo bibi alifariki kabla hatujaijibu.

Niliiingiza kwenye kompyuta, na haukupita mwezi redio ikautafuna utepe wake. Mama hakushtuka. "Si imo humo? Basi alhamdulillahi." Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikuwa akivuta kiti, nami namfungulia.

Kisha nikataka mfumo mpya. Picha zangu na nyimbo zangu nilizitoa zote, nikazitia kwenye sidii, nikaziandika majina kwa kalamu. Sauti ya bibi niliisogeza tu fungu la pili la diski ile ile, nikaona inatosha. Lakini diski ni moja, mwanangu, mafungu yake ni kama chumba kilichotiwa pazia. Mashine iliponiuliza nifute fungu lipi, nilifuta yote mawili, kwa pupa ya kuiona sura mpya.

Ijumaa ikafika. Mama akavuta kiti chake.

"Haya mamaangu, nifungulie."

Nilitafuta huku nikijua. Mwisho nikamwambia kweli. Akaitazama ile kompyuta inayong'ara.

"Na nyimbo zako zimo?"

"Zimo, mama."

Angenipigia kelele ningepona siku ile ile, lakini swali lile limekaa nami mpaka leo. Niliona haya mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Akaenda kutia udhu, akasali, akarudi na mtandio wake kichwani. "Haya, iwashe irekodi. Nnayajua yote."

Akayasema maneno ya mama yake tangu bismillahi: salamu kwa kila mjukuu kwa jina lake, na ile kanga aliyotumiwa shangazi, yenye doa, tusimwambie. Hata kikohozi alikikohoa pahala pake. Nikacheka huku nalia, naye akacheka, na vicheko vyetu vimeingia humo vilevile.

Mama katutoka. Sauti hiyo, yake na ya mama yake ndani yake, imo kwenye kompyuta hii uliyotaka kuifuta sasa hivi. Usigutuke, nna nakala mbili pembeni, moja kwa khalati yako, ndugu yangu, kule mtaa wa Qurum. Sikukubali kuwa mjinga mara ya pili. Lakini ya tatu nataka iwe yako.

Basi fanya hivi. Kabla hujagusa kitu, zunguka nyumba nzima umuulize kila mtu ana nini humo, na uanze na yule asiyejua kuifungua mwenyewe. Nakili kwenye kitu kingine kabisa, ukichomoe, ukiweke mbali. Kisha ifungue ile nakala uisikilize mpaka mwisho, usiridhike kuliona jina lake tu. Mfumo mpya utakusubiri, hauna pa kwenda. Na vyako viwe vya mwisho kutoka.

Mungu akupe mkono wa taratibu, mwanangu, na akuepushe na swali nililoulizwa mimi. Na siku wajukuu zako watakapoitaka sauti yako, wajaaliwe kuikuta. Haya, vuta kiti, tumsikilize mama.