Stika za spika zilizobanduka, na jinsi zilivyokaribia kumkosesha dada yangu kazi

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita kuna mwenzetu aliuliza humu: stika za spika zake za nyumbani zinabanduka, atumie gundi gani? Nilitaka kumjibu mistari miwili tu nikalale. Nikaanza kuandika, nikajikuta nalia na kucheka peke yangu. Basi imekuwa uzi. Sijaongeza chumvi, na mahali ninapoonekana mjinga, amini kwamba nilikuwa mjinga kweli.

Mimi ni mtu wa Butembo, Kivu ya Kaskazini. Mambo haya ni ya miaka ya vita, nikiwa na miaka kumi na tano.

Baba yangu alikuwa mwalimu. Nyumbani tulikuwa na spika mbili kubwa za mbao, huku kwetu tunaita bafle. Mfanyabiashara mmoja wa ukoo wetu alizileta kutoka Dubai, zikaingilia mpaka wa Kasindi, na zilipofika sebuleni majirani walikuja kuzitazama kama wanatazama mtoto mchanga.

Kila moja ilikuwa na stika ya fedha mbele. Moja imeandikwa L, nyingine R.

Sasa hapa ndipo mjue familia yangu. Sisi ni watu wa Kifaransa, Kiingereza kwetu ni sifuri. Leo najua kwamba L ni kushoto na R ni kulia, lakini siku ile Baba, mwalimu mzima, alisimama akatangaza kwamba L ni Léontine, yaani mama yetu, na R ni Rémy, yaani yeye mwenyewe. Hakuna aliyebisha. Tangu siku hiyo zile spika zikawa na majina, Mama na Papa, maana Papa ndivyo tunavyomwita Baba. "Punguza Mama kidogo." "Papa inakoroma leo." Mgeni akisikia anashangaa.

Shida ikawa stika. Butembo ni baridi na ukungu, halafu mchana jua la dirishani linazichoma. Pembe zikaanza kujikunja. Mimi nina ugonjwa mmoja, nikiona pembe ya karatasi imeinuka siwezi kuiacha. Nazibonyeza, zinashuka. Kesho zimeinuka tena.

Kuna siku nikiwa nafagia, nikazikuta zote mbili sakafuni.

Nilichukua fufu, ugali wetu wa muhogo, iliyobaki kwenye sufuria, nikaipaka nyuma, nikazirudisha. Ipi ilitoka wapi? Sikujua. Nikabahatisha. Nikanyamaza, maana Baba aliziheshimu zile stika kuliko cheti chake cha ndoa.

Tukumbuke hilo la kunyamaza.

Wiki hiyo Baba alikuwa ameshasafiri kwenda Kasindi. Kabla ya kuondoka alimchukulia Masika, dada yangu mkubwa, diploma yake ya sekondari, akamwambia ataiweka mahali salama. Ofisi zilikuwa zinaporwa, karatasi zinachomwa, na nchi ilikuwa imekatika vipande. Kupata nyingine kutoka Kinshasa ilikuwa ndoto. Mahali penyewe hakusema. Ndivyo alivyo, siri zake anazifungia hata mkewe.

Vita vikasogea, na Baba amekwama kule mpakani. Akamtuma dereva wa lori atuambie twende Beni kwa shangazi. Na dereva akawa na neno moja la mwisho:

"Mwalimu anasema, muchukue Mama, musimuache kabisa."

Mama alicheka hadi akakaa.

"Huyu naye! Anazani batoto yangu batanisahabu ku nyumba?"

Wakuu, tulimchukua Mama. Tulimshika mkono kabisa. Zile bafle tukaziacha kwa jirani yetu, Mama Kavira, ambaye hakuweza kukimbia kwa sababu mama yake mzazi alikuwa mgonjwa.

Baba alipotufikia Beni, mtaa wa Mulekera, hata salamu hakumaliza.

"Mama iko wapi?"

"Si ni miye huyu?" Mama akajibu.

"Hapana weye! Mama ya muziki! Diplôme ya Masika iko ndani yake!"

Yaani hakutaka dereva ajue, kwa sababu ya vizuizi vyote vile njiani. Akaona ametumia akili. 

Na ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mkurugenzi wa shule moja hapo Mulekera alishamkubali Masika afundishe. Sharti lilikuwa moja, alete diploma yenyewe kabla shule hazijafunguliwa. Kopi hataki. Masika alikuwa ameshashona hadi sketi ya kazi.

Njia ilipotulia kidogo tukapanda lori kurudi Butembo, Baba, Mama, Masika na mimi. 

Mama Kavira alitupokea kwa machozi. Akatuingiza chumbani kwake, akafunua mkeka. Bafle moja.

"Ingine basoda balibeba," akasema. "Mumoja alikuya na kinga, ikaenea moja tu. Ile ya L njo alibeba. Munisamehe."

Basoda ni askari, kinga ni baiskeli, nayo ilitosha kubeba bafle moja tu. Masika aliteleza ukutani hadi chini, akalia kwa sauti. Nilitazama ile R ya fedha mbele yangu, pembe yake imeinuka, nikaikumbuka ile fufu.

 Baba akasimama kama mwanaume, akamshika Mama Kavira mikono.

"Mama, wewe ulibakia, ukatulindia. Hii moja ikuwe yako."

Wakuu, niliogopa. Niliogopa fimbo, niliogopa aibu, na zaidi niliogopa kumpa Masika tumaini halafu lianguke mara ya pili. Lakini spika ilikuwa inatoka mikononi mwetu.

"Papa, ngoja! Usiipatie mutu!"

"Juu ya nini?"

"Stika zilianguka. Miye njo nilizibandika na fufu. Sijuwe kama nilizirudisha ku fasi yake."

"Lini?"

"Kisha weye kwenda Kasindi." Yaani baada ya yeye kuondoka, diploma ikiwa imeshafichwa.

Baba hakunipiga. Aliomba turnevisi, yaani bisibisi, haikuwepo. Mama Kavira akaleta kisu cha jikoni. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilipotoka alivuta kifuniko cha nyuma, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko.

Ukatoka mfuko wa plastiki. Ndani yake, diploma, haina hata mkunjo.

Masika alinirukia tukaanguka wote wawili. Mama naye akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni:

"Donc Mama hakubebwa! Basoda balibeba Papa!"

Tulicheka hadi yule bibi mgonjwa akaita kutoka chumba cha pili kuuliza nani anaolewa.

Bafle Baba alimwachia Mama Kavira hivyo hivyo, alishasema. Masika akafundisha Mulekera, na mpaka leo anafundisha.

Funzo langu: nyumba yenu ikiwa na majina ya ndani, mfafanulieni mnayemtuma. Na ukikosea, sema mapema. Mimi niliponea chupuchupu.

Kwa yule ndugu wa gundi: fufu inashika, ila andika kwanza kwa kalamu nyuma ya spika ipi ni ipi.

Ile stika ya R niliiomba siku ile ile. Iko kwenye fremu ya diploma ya Masika, pembeni, na kila nikienda kumtembelea nakuta imeinuka. Naibonyeza. Yeye ananitazama tu, anacheka.

Haya, na ninyi vitu vya kwenu vilikuwa na majina gani? Semeni, nipo nasoma.