Kifuniko cha Mtu Mmoja

Darasani kwetu, kwenye chuo cha sanaa, kila mradi ulifanywa na kikundi, isipokuwa wangu. Wenzangu walichagua mikoba, viatu, mabango ya saluni. Mimi nikasema nitachora skeitibodi, ule ubao wa magurudumu manne ambao vijana wa kwenye simu hurukia ngazi, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akauliza nani atafanya nami. Hakuna kiti kilichosogea. Nikajifanya nimependa iwe hivyo. Sikupenda hata kidogo.

Mbao zenyewe nilitengenezewa na seremala Mkongomani pale Arua mjini, huku kwetu Uganda. Alipaka gundi vipande vyembamba vya plaiwudi, akavilaza juu ya kalibu iliyopinda, akavikandamiza kwa mifuko ya saruji mpaka vikashikana. Nilipougeuza ubao wa kwanza kifudifudi nianze kuchora, akanisogelea.

"Dada, unachora kwa tumbo ya mbao? Mutu ataona wapi?"

Nikamweleza kwamba ndivyo inavyofanywa. Juu ni pa miguu, panabandikwa msasa ili mtu asiteleze. Picha hukaa chini, na watu huiona pale tu mpandaji anaporuka au anapoanguka. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye milango yake. Kwake ile ilikuwa rangi ya kutupa.

Nilichora mbao tatu kwenye chumba changu cha kupanga, Pajulu, redio ikiwaka ili kuwe na sauti ya mtu. Ule wa katikati ndio nilioupenda kuliko wote. Niliupamba kwa tabaga ya habooba, yaani bibi yangu wa Koboko aliyenilea. Tabaga ni kile kifuniko cha chakula tunachosuka sisi Wanubi, mduara mpana wa nyekundu, kijani na zambarau, unaofunika sinia zima mpaka walaji wote wakae. Nilizichora pete zake kwa brashi nyembamba, nikazivuta zikae kwenye ubao mrefu, mgongo ukiniuma. Rangi ilipokauka nikaufunga magurudumu, nikaupeleka Arua Hill kwenye lami laini. Watu walisimama, wakatazama, wakaenda zao. Nilitamani hata mmoja aniombe ajaribu.

Siku ya maonyesho ya chuo kila mwanafunzi huja na watu wake. Mwaka uliotangulia meza yangu haikuwa na mtu, nikawa nazipanga na kuzipangua brashi ili nionekane nina shughuli. Safari hii nilitaka mtu mmoja tu wa kwetu asimame kando yangu, aseme huyu ni wangu. Nikaubeba ubao ule hadi Koboko kumwomba habooba aje.

Nilimkuta jikoni, hakujua kama naja. Macho yake siku hizi yana ukungu, ila rangi kali bado anaziona. Nikaulaza ubao mezani, picha juu, magurudumu yakitazama dari kama miguu ya mende aliyepinduka, nikaenda kutawadha. Niliporudi, ubao haukuwa mezani. Ulikuwa mkekani, juu ya chakula. Habooba alikuwa ameshika gurudumu la mbele, anaunyanyua kidogo, anaushusha tena.

"Hii umefanya mzuri," alisema. "Umeweka na mahali ya kushika."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Habooba, hii haiko ya kufunika. Iko ya kupanda. Mtu anasimama juu, inakwenda barabarani."

"Watu ngapi?"

"Mmoja tu."

Akaupapasa kutoka ncha hadi ncha, anapima. "Nimeona. Sinia haiwezi funika. Iko ya mtu moja." Halafu akatabasamu. "Mzuri. Mimi pia iko moja."

Akaufunua. Chini palikuwa na sahani moja ya kisira, ule mkate wetu mwembamba kama karatasi, na bamia. Katika nyumba ile tulimokuwa tukisukumana kulizunguka sinia, sasa ilipikwa sahani moja. Masinia yalikuwa yameegemezwa ukutani, na juu yake zimetundikwa tabaga zake kubwa, hazina cha kufunika. Muda wote ule nilidhani mpweke ni mimi.

Tukala pamoja kwenye sahani ile, vidole vikigongana. Nikamwomba aje kwenye maonyesho. Akashika magoti yake.

"Gari inanishinda, mtoto yangu." Akawa anaufuta ubao kwa ncha ya nguo yake, polepole. "Hii utaniachia?"

Ilikuwa kazi yangu bora, na maonyesho yalikuwa yamekaribia. Nikasema ndiyo, haraka, kabla sijafikiria alama.

Basi meza yangu ikawa na mbao mbili na pengo katikati. Mwalimu akauliza ule wa tatu uko wapi. Nikamwambia uko Koboko, unafunika chakula. Waliokuwa karibu wakacheka, wakidhani natania, wakasogea kwenye meza ya jirani, ambako mashangazi na wajomba wa mtu walikuwa wakipiga picha pamoja. Nikabaki nyuma ya meza yangu kama mwaka uliotangulia, na iliniuma vilevile.

Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka mjini. Wakati huo habooba huwa amemaliza kupika. Nikafungua chakula changu, nikamsubiri kidogo, kule kwake Koboko, ashike gurudumu, aunyanyue ubao, ndipo nikaanza kula.