Naunga Mkono Hoja ya Dokta

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, kompyuta yenye vumbi, na onyo. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani, mtaa wa nyuma ya stesheni ya reli hapa Kigoma, na aliyenipokea ni Mratibu wa Kanda, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Nilikuwa nimetoka bohari ya dawa, mfamasia wa miaka mingi, nikidhani nimeajiriwa kufundisha. Nikaanza kumweleza nitakavyofundisha. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Hidaya, hapa hufundishi. Kazi yako ni kutuaibisha humu ndani, kabla watu wa ithibati hawajaja kutuaibisha hadharani."

Ithibati ni kibali ambacho chuo hupewa baada ya kukaguliwa na kuonekana kwamba kinachotangaza ndicho kinachofundishwa. Chuo chetu kilikuwa Dar es Salaam, na kilitoa shahada ya uzamili kwa njia ya mtandao kwa madaktari, wafamasia na wauguzi waliokwishaanza kazi. Somo lenyewe watu walilichanganya. Kinyozi wangu wa Ujiji alidhani tunafundisha kuuza dawa. Hapana. Ni elimu ya safari ya dawa, tangu inapojaribiwa kwa watu wachache waliokubali, mpaka inapomezwa na maelfu, na hasa inayoyafanya ndani ya miili yao baada ya hapo. Aliyesoma haya anatakiwa awe mtu wa kuuliza dawa maswali hata pale ambapo kila mtu ameshairidhia.

Nilianzia kwenye uhakiki wa maudhui. Hapo unasoma kila mhadhara kabla haujapandishwa mtandaoni, unaulinganisha na malengo ya ujifunzaji, yaani yale ambayo mwanafunzi ameahidiwa kwamba atayaweza akimaliza. Nilikuta mihadhara mizuri isiyohusiana na ahadi yoyote, na ahadi nzuri zisizo na mhadhara. Baadaye nikapelekwa kwenye mitihani, nikawa napokea maoni ya mtahini wa nje, mwalimu wa chuo kingine anayepitia usahihishaji wetu ili tusijipendelee. Mratibu wa Kanda alipohamishwa, kiti chake nikakikalia mimi. Hakuna aliyenipongeza sana, kwa kuwa cheo kilikuja na jenereta bovu.

Moyo wa masomo yetu ulikuwa jukwaa la majadiliano. Mwalimu anayeongoza darasa la mtandaoni, ambaye tulimwita mwezeshaji, aliweka kisa kimoja kila wiki, wanafunzi wakakijadili kwa maandishi, kila mmoja kwa wakati wake. Wa Kigoma mjini usiku umeme ukiwepo, wa Kagunga asubuhi mtandao ukikubali. Mwishoni mwa somo walipeana alama wenyewe kwa wenyewe. Tathmini hii ya wenzao ilikuwa na sehemu mbili: mchango, na ushirikiano. Aliyeanguka kwenye jukwaa alirudia somo zima.

Tulianza kwa vichekesho. Sheria ilidai kila mchango uwe na maneno ya kutosha, na watu wa huku salamu hatuifupishi. Mwanafunzi wa Kasulu alianza na mwakeye, salamu ya Kiha, akashukia kwenye shikamoo kwa wakubwa, akawaulizia watoto, mvua na mahindi, na alipofika kwenye dawa maneno yalikuwa yamekwisha. Mkurugenzi wa Masomo ya Mbali alinipigia simu kutoka Dar akilalamika kwamba anasoma barua za ukoo. Tukakubaliana salamu ziandikwe lakini zisihesabiwe. Mimi nilizitetea, maana mtu aliyenyimwa salamu hachangii kitu.

Darasa ninalotaka kuwasimulia lilikuwa zuri kuliko yote, kwa macho. Kila mtu aliwasilisha kazi kwa wakati, hakuna aliyegombana, alama za ushirikiano zilikuwa juu. Mkurugenzi alitaka liwe mfano kwa kanda nyingine. Nikaamua kulisoma mwanzo hadi mwisho kabla ya kulisifu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kukutana na sentensi moja: "Naunga mkono hoja ya Dokta."

Dokta huyo alikuwa Dokta Filbert. Nusu ya madaktari wa mkoa huu walipita mikononi mwake wakiwa wanafunzi wa vitendo, mwezeshaji wa darasa akiwa mmoja wao. Alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na alipojiandikisha alinieleza kwamba hataki kuondoka kazini na elimu ya zamani. Nilimpenda kwa hilo. Tatizo ni kwamba yeye alikuwa wa kwanza kuandika kila wiki, na akishaandika, darasa lilikuwa limekwisha.

Kisa cha wiki ya mwisho ya somo kilihusu mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akimeza enalapril, dawa ya presha, kwa muda mrefu bila shida. Siku moja aliamka midomo imevimba. Jana yake alikula migebuka, samaki wa ziwa letu. Wanafunzi waliulizwa kama dawa ndiyo iliyosababisha. Dokta Filbert aliandika kwamba dawa iliyozoeleka mwilini haiwezi kugeuka adui ghafla. Mama huyu kadhuriwa na samaki, akatazwe samaki, aendelee na dawa yake. Wakafuata wengine, salamu kwanza, kisha naunga mkono hoja ya Dokta.

Mmoja tu hakuunga mkono. Jina lake Skola, mfamasia kijana wa kituo cha afya cha Ilagala. Alianza na shikamoo, akaandika kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kuvimbisha midomo na ulimi hata baada ya miezi au miaka, kwamba uvimbe ukishuka kooni mgonjwa anaweza kukosa pumzi, na kwamba hatua ya kwanza ni kuisimamisha dawa, si samaki. Kila neno lilikuwa sahihi. Wenzake walimpa alama za ushirikiano za chini kabisa, zikamwangusha jukwaani. Mmoja aliongeza maelezo: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mwezeshaji akaziacha alama hizo kama zilivyo.

Nikampigia Skola simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza. Mwajiri wake alikuwa amemruhusu kusoma kwa sharti kwamba asirudie somo hata moja. Akirudia, ruhusa inakufa na masomo yanaishia hapo. Akanieleza kwamba ameshamwomba Dokta radhi kwa ujumbe, na kwamba jioni ile atalifuta jibu lake aandike la wenzake.

"Mama, mimi ni mtoto wa Kiha," akasema. "Kwetu mkubwa akisema, unapiga makofi. Sasa mimi nilijifanya nani?"

"Jibu lako ni la kweli au si la kweli?"

"Ni la kweli, Mama."

"Basi usilifute. Mengine niachie."

Nilisema niachie kwa sauti kubwa kuliko uwezo niliokuwa nao. Nilimpigia Mkurugenzi, nikamweleza. Alikuwa mtu makini, si mbaya, ila alipenda mambo yaliyonyooka. Akauliza kama utaratibu wa tathmini umefuatwa. Nikajibu umefuatwa. "Basi ubora upo, Mama Hidaya. Ubora ni utaratibu." Nikamwambia kwamba jibu sahihi linafelishwa na jibu la kumuua mgonjwa linafaulu, na vyote viwili vimefuata utaratibu. Akasema kwamba hata hivyo hana mamlaka ya kugusa alama hizo. Wanaoweza kuzibadili ni waliozitoa, kabla somo halijafungwa wikiendi.

Maneno mengine hayaendi kwa barua pepe. Nikachukua bodaboda hadi Bangwe, nyumbani kwa Dokta Filbert. Nilimkuta barazani, miwani puani, akijisomea kazi ya somo lililofuata. Tulisalimiana kwa kirefu, nikaletewa chai, nikaulizwa habari za Hidaya na wajukuu. Ndipo nikamwambia, bila kumzungusha, kwamba jibu lake la enalapril lilikuwa kosa, na nikamwonyesha maandiko ya kitaalamu.

Alisoma polepole. Akarudia. Alipoinua uso hakuwa na hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Akachukua simu akampigia muuguzi wa kliniki yake, akamtaja bibi mmoja wa Katonga, akaagiza atafutwe siku ileile, dawa yake ya presha isimamishwe na aletwe abadilishiwe. Kumbe bibi huyo alikuwa amekuja kwake mara mbili midomo imevimba, naye akamkataza migebuka.

Aliweka simu chini. "Hivi hawa vijana wote walijua?"

"Wote sijui, Dokta. Mmoja alijua, akasema."

"Na wengine?"

"Wengine walikuheshimu."

Akaniuliza kama ni kweli binti amefelishwa kwa ajili yake. Nikamwambia ni kweli. "Mkubwa ni jalala," akasema. "Wangenitupia mimi, si yeye." Jioni hiyo akaandika jukwaani kwamba amekosea, kwamba Skola yuko sahihi, kwamba bibi mmoja wa Katonga yu hai bila msaada wowote wa daktari wake, na kwamba waliomnyima binti alama wajisahihishe.

Wakajisahihisha wote kabla ya wikiendi. Nilifungua jukwaa nikiwa na furaha nisiyoificha, nikaanza kusoma. Wa kwanza ameandika: "Shikamoo Dokta. Naunga mkono hoja ya Dokta." Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo. Skola alikuwa amefaulu, ila nilifunga kompyuta nikijua kwamba Dokta angeandika tena kuwa samaki ndiye mwenye makosa, wangerudi kwa samaki.

Toka hapo nikaacha kuamini darasa lisilo na ubishi. Mkurugenzi alipendekeza tufiche majina ya wanafunzi. Tulijaribu, haikufaa, watu waliitambua lugha ya Dokta Filbert kwa nukta zake. Nikatoa wazo la zamu. Kila wiki mwanafunzi mmoja aliteuliwa kwa kura kuwa mpinzani, na kazi yake ilikuwa kutafuta kasoro katika hoja iliyokubaliwa na wengi, hata awe nani aliyeitoa. Alama za ushirikiano tukazifuta, tukaweka alama za kuhoji. Huku kwetu mtu akitumwa, maneno si yake, mjumbe hauawi. Muuguzi mmoja wa Kirundi kutoka kambi ya wakimbizi, aliyekuwa hajaandika zaidi ya salamu muhula mzima, alipopewa zamu alizipangua hoja tatu za Dokta Filbert mfululizo. Dokta alinipigia simu kuniambia kwamba hajawahi kusoma kwa bidii namna ile tangu ujana.

Mpango ule ulipendwa, ukapelekwa kanda nyingine, na watu wa ithibati wakauandika kwenye taarifa yao. Mimi nikazeekea hapo. Skola alimaliza shahada yake, akaendelea, na hatimaye akawa mwezeshaji katika kozi ileile.

Niliagwa katika ukumbi mdogo karibu na bandari. Kulikuwa na wali, kuku, na hotuba. Nilisifiwa mpaka nikaanza kujiuliza ni nani anayezungumziwa. Dokta Filbert, kwa sasa mstaafu mwenzangu, alikaa mbele. Ilipofika zamu yangu nilisema machache, na mwisho nikatoa ombi moja: mpinzani wa zamu asiondolewe kamwe, hata mimi nikiwa sipo. Ukumbi ukapiga makofi, na Mkurugenzi akasimama kusema kwamba anaunga mkono hoja ya Mama Hidaya. Wakafuata wengine wawili, nao wakaunga mkono.

Skola akanyoosha mkono kutoka nyuma.

"Shikamoo, Mama. Hapo sikubaliani na wewe."

Alieleza, kwa utulivu, kwamba amelifuatilia jambo hili darasani kwake. Wanafunzi wa siku hizi wanamwachia mpinzani wa zamu kazi yote. Asiye na zamu akiona kosa hunyamaza, anasema si wiki yangu. Tulikuwa tumewapa watu ruhusa ya kusema kwa wiki moja na ruhusa ya kunyamaza kwa muhula mzima. Alitaka zamu iondolewe, na kila mtu adaiwe swali.

Niliumia kidogo, sitawadanganya. Lile lilikuwa tunda la kazi yangu, na alilikata mbele ya watu, siku yangu. Nikamtazama Dokta Filbert. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanatikisika.

"Nani amekupa zamu leo?" nikamuuliza Skola.

"Hakuna, Mama."

"Marahaba," nikasema, nikakaa.